Mbele Mtoe Upepo

Nyinyi mnaoingia gereji na simu zilizojaa video za magari ya mbio, nawaandikia nikiwa nimekaa, kwa sababu kusimama kumenishinda. Nina miaka thelathini na saba na nimestaafu. Msicheke. Daktari alinionyesha picha ya mgongo wangu akaniambia kazi ya kuinama chini ya boneti basi, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikumbishia. Nilikaa miaka kumi na mbili katika gereji moja ya Ng'ambo, hapa Tabora, na kazi iliyonipa jina dogo na maumivu makubwa ilikuwa kugeuza magari ya kawaida, yale ya kwendea sokoni, yaweze kukimbia mbio za mzunguko.

Nilifika pale na shahada ya uhandisi wa mitambo na barua kumi na saba za maombi ya kazi zisizojibiwa. Mwenye gereji alikuwa Mzee Idrisa. Babu yake alikuja Tabora na misafara ya zamani akiwa mfua chuma, akabaki, na ukoo mzima umeishi kwa nyundo tangu hapo. Siku ya kwanza alinitazama mikono, si vyeti.

"Umesomea magari?"

"Nimesomea mitambo kwa ujumla, mzee."

"Kwa ujumla," akarudia, kama anayeonja chumvi. "Haya, Digrii. Anza kwa kufagia kwa ujumla."

Jina likabaki. Mpaka leo nikipita Ng'ambo kuna watu wananiita Digrii ambao hawajui niliitwa nani nyumbani.

Nitawaeleza kuhusu gari moja tu. Mengine yalifanana nalo, na hilo moja ndilo lililonifanya nikose usingizi kwa miezi mitatu. Lilikuwa la Mama Zuhura wa Mtendeni, mwenye mashine ya kusaga. Enzi za usichana wake aliendesha lori la nafaka la baba yake kutoka Nzega, kiangazi na masika, na hakuna dereva wa kiume mjini aliyempita kwa kusoma barabara. Madereva kadhaa walipochonga njia ya duara ya changarawe huko Goweko, kwenye shamba la tumbaku lililoachwa, yeye alikuwa wa kwanza kuuliza kama wanawake wanaruhusiwa, na hakusubiri jibu.

Gari lake lilikuwa kigari cheupe cha milango minne. Sharti lake lilikuwa moja: "Mfanye mnachotaka, lakini Jumatatu saa kumi na mbili na nusu watoto wangu wapande humo kwenda shule."

Fikirieni sharti hilo. Vitabu vyote nilivyosoma vilihusu magari yasiyorudi barabarani. Kila tulichotoa ilibidi kiweze kurudi. Viti vya nyuma tulivifungua kila Ijumaa na kuvirudisha kila Jumapili, na kati ya siku hizo vilikaa sebuleni kwake, wageni wakavikalia. Mabomba ya chuma yanayozunguka ndani ya gari kumlinda dereva hayakutolewa. Zuhura, binti yake, alitundikia hapo begi la shule.

Kuhusu mabomba hayo, shikeni hili. Bomba la maji lina mshono. Ukilikunja linakubali, ukilichomelea linakubali, siku gari likibiringika linapasuka kwenye mshono kama ganda la karanga. Masanja, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, Msukuma wa Igunga mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikataa katakata kulichomelea. Alituzungusha wiki mbili mpaka tukapata chuma kisicho na mshono. Mimi nilikuwa tayari kukubali bomba la maji, kwa hesabu. Nilikuwa na kurasa mbili za hesabu.

"Hesabu yako haijawahi kuangukiwa na kitu," Masanja aliniambia.

Uzito nao. Nilitaka kujua kila kipande kina kilo ngapi kabla hatujaamua kitoke au kibaki, na mizani ya kuaminika ilikuwa ile ya mashineni kwa Mama Zuhura, inayopima magunia. Nikapeleka kiti kichwani, nikapanga foleni. Bibi mmoja mwenye ndoo ya mahindi akanigeukia: "Baba, siku hizi na viti vinasagwa?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilipima hata zulia. Nilipima hata vioo. Mzee Idrisa aliposoma orodha yangu alisema kitu kimoja tu: umesahau kumpima dereva. Ilikuwa kweli. Tulisogeza betri upande wa pili ili kulinganisha, na gari likakaa sawa kwenye kona.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa springi. Nilisoma kwamba gari la mbio hushushwa chini. Nikakata springi za mbele, koili moja na nusu kila upande, bila kuuliza, nikitaka mzee akirudi akute kazi imekwisha. Akazunguka gari mara moja.

"Umekata?"

"Nimekata, mzee."

"Sasa zimwagilie maji ziote."

Gari la lami hushushwa. La changarawe linahitaji nafasi ya kupumua, vinginevyo kila jiwe linagonga tumbo la injini. Tulitafuta springi nyingine kwenye chakavu siku nne.

Na vumbi la Goweko, vumbi jekundu laini kama unga wa mtama, linaingia kila mahali. Dawa yake mzee aliijua kabla mimi sijazaliwa: soksi ndefu ya kike, ipake mafuta kidogo, ivishe juu ya chujio la hewa, ibadilishe kila baada ya mizunguko michache. Mama Zuhura alizileta mwenyewe kwenye mfuko mweusi akatuambia tusimwambie mumewe ziko wapi.

Nawaeleza haya ya kuchekesha kwanza kwa sababu nikianza na lile jingine sitarudi.

Wiki ya mbio tulibadilisha breki za mbele. Zile za asili zilikuwa ndogo, zikipata moto zinachoka, kwa hiyo tukamfungia kubwa zaidi kutoka gari zito lililokufa. Mnajua, au mtajua, kwamba ukifungua mfumo wa breki hewa inaingia kwenye mafuta. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Ukikanyaga, badala ya kusukuma pedi unabana hewa. Kwa hiyo lazima ile hewa itolewe: mmoja anakaa ndani anakanyaga, mwingine yuko chini gurudumuni anafungua skrubu ndogo, hewa inatoka na mafuta, anafunga, yule anaachia. Kanyaga, fungua, funga, achia. Gereji zetu zote zinaita kazi hiyo kwa maneno mawili: kutoa upepo.

Sasa sikilizeni. Alhamisi jioni mzee na Masanja walianza kutoa upepo, mafuta ya breki yakaisha kabla hawajamaliza. Pedali ilikuwa bado laini. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimetumwa sokoni. Na Ijumaa asubuhi mimi na mzee tulikuwa tumebishana kwa saa nzima kuhusu matairi. Nilitaka tairi za mbele zipunguzwe upepo ili zishike changarawe vizuri. Nilichora hata mchoro kwenye kadibodi. Mzee alinisikiliza huku anakaza mkanda wa injini, akasema tutaona.

Ikafika saa ya sala ya Ijumaa. Mzee alikuwa bombani anatawadha, upande wa pili wa ua, na Masanja kibandani anasaga chuma cheche zinaruka. Mzee akanyoosha shingo akapaza sauti:

"Digrii! Mafuta yamekuja. Mbele mtoe upepo kidogo, nyuma msiguse. Wewe na Masanja."

Akaenda msikitini.

Nilisikia nilichotaka kusikia. Nilisikia mzee amekubali hoja yangu ya matairi. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Mafuta yamekuja? Nikadhani dizeli ya lori litakalobeba gari. Wewe na Masanja? Hapo nilisita, naapa nilisita. Kutoa upepo kwenye tairi ni kazi ya kidole kimoja, Masanja wa nini? Nikajijibu kwamba labda anataka mtu wa pili asome kipimo, kwa sababu mimi huwa nasoma mara tano. Jibu likaniridhisha. Nilikuwa nimeuliza maswali mengi asubuhi ile na nilikuwa nimechoka kuonekana sielewi.

Kilichonisumbua ni neno kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Nilikaa kwenye ndoo nusu saa nikipiga hesabu ya kidogo. Neno upepo sikulifikiria hata nukta moja.

Mzee aliporudi lori lilikuwa limeshafika na vijana wanasukuma gari juu ya mbao. Akanishika bega.

"Upepo tayari?"

"Tayari, mzee."

"Mbele tu?"

"Mbele tu."

Akaniambia ahsante. Hakuwa mtu wa kusema ahsante ovyo.

Jumamosi asubuhi, Goweko, Mama Zuhura aliingia njiani kujaribu gari. Watu wa vijiji vya karibu walikuja wengi, kina mama na kanga zao, vijana juu ya baiskeli. Mzunguko wa kwanza alienda taratibu. Mzee alikuwa amesimama karibu nami, mikono nyuma, anasikiliza injini. Gari lilipopita kwenye kona alikunja uso.

"Mbona tairi za mbele zimelala?"

"Si ulisema nitoe upepo, mzee?"

Hakunigeukia mara moja. Alisubiri gari lipotee nyuma ya bani la tumbaku, lile jengo la matofali la kukaushia majani lililobaki mwisho wa sehemu iliyonyooka.

"Upepo wa nini?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, mengine na maprofesa. Sijawahi kuulizwa gumu kama hilo. Mzee hakungoja jibu. Alivua kofia yake ya mkono, ile nyeupe aliyoshonewa na mkewe, akakimbilia ukingo wa njia akiipunga. Nikamfuata nikipunga shati. Na watu, walipotuona tunapunga, wakadhani ndiyo shangwe imeanza. Kanga zikapanda juu, vigelegele vikapasua anga. Mama Zuhura alipotokea nyuma ya bani aliona uwanja mzima unampungia. Baadaye alisema, "Nilijua mnanishangilia. Nikaongeza moto."

Alitupita. Uso wake ulikuwa unacheka.

Alisema pia kwamba pedali ilikuwa inaenda chini lakini akiipiga mara mbili inakaza, akadhani ndivyo breki za mbio zilivyo. Safari ile aliipiga mara mbili haikukaza. Breki zilikuwa zimepata moto. Bani lilikuwa mbele yake. Akashusha gia mbili kwa mpigo, akavuta breki ya mkono, gari likageuka ubavu, tairi moja ya mbele ikavuka kutoka kwenye rimu, akaenda nje ya njia kwenye matuta ya zamani ya tumbaku. Tuta la kwanza lilimrusha. La pili likamwangusha. Gari likalala juu ya paa, polepole, kama mtu anayejilaza kitandani.

Mabomba ya Masanja hayakupinda hata kidole. Lakini mkono wa kulia wa Mama Zuhura ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja.

Tulimtoa, tukamkalisha juu ya tuta. Alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Hakulia. Alitutazama mmoja mmoja.

"Breki zangu aliziacha nani?"

Nilikuwa na hewa kifuani, nilikuwa na maneno. Mzee Idrisa alikuwa na kasi kuliko mimi.

"Mimi, Mama Zuhura. Nilizikagua mimi. Nimekosa."

"Wewe?"

"Mimi."

Mama Zuhura akasema, "Watoto wangu wanapanda gari hili."

Nikamfuata mzee nyuma ya lori. "Mzee, kwa nini? Ni mimi."

"Neno nilitoa mimi. Nilitoa neno lenye matumbo mawili, nikaenda zangu. Halafu nikakuuliza kwa neno hilo hilo, nikaridhika." Akavaa kofia, ilikuwa imeingia vumbi. "Na wewe ukisema, nani Tabora hii atakupa tena gari lake ushike? Mimi wananijua miaka arobaini. Wataongea, watachoka."

Hawakuchoka. Na mimi nilinyamaza. Nataka muelewe vizuri kwamba sikukatazwa kusema. Niliachiwa nafasi ya kunyamaza, nikaichukua kwa mikono miwili. Kila usiku nilipanga maneno, kila asubuhi nikaona yana kasoro. Nikisema leo mkono bado una plasta, ataumia. Nikisema wiki ijayo itaonekana nimechelewa. Nikishachelewa, kwa nini niseme kabisa?

Njia ya shule ilipita mbele ya gereji. Zamani Mama Zuhura alikuwa akipita na watoto anapaza sauti kutoka dirishani, "Shikamoo Mzee Idrisa!" na mzee anajibu bila kutoka chini ya gari. Sasa alipita kwa miguu, mkono kifuani, watoto nyuma, na uso mbele. Nyinyi mmezaliwa hapa, hamhitaji kuelezwa maana ya mtu mzima mwenye adabu zake kumpita mzee kila siku bila shikamoo. Ng'ambo nzima iliona. Wateja wa Mtendeni wakaanza kupeleka magari kwingine, mmoja mmoja, kwa visingizio vya heshima. Aliyefanya kazi miaka arobaini bila doa sasa watu walimwita mzee wa breki.

Mwezi wa tatu tangu ajali, asubuhi moja, mzee alikuwa chini ya gari la mwalimu fulani. Mama Zuhura akapita. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto. Na kutoka chini ya gari nikasikia sauti ya mzee, kwa mazoea ya miaka, kabla hajajizuia:

"Marahaba."

Hakuna aliyekuwa amemwamkia.

Viatu havikusimama. Masanja aliyekuwa mlangoni aliangalia pembeni. Mimi niliweka chini nilichokuwa nimeshika, sikumbuki kilikuwa nini, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikaenda Mtendeni. Njiani sikupanga maneno. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nilimsubiri mashineni. Aliporudi kutoka shuleni kulikuwa na foleni ndefu na mashine inanguruma. Alikuwa anaelekeza unga kwa mkono wa kushoto. Nikamwamkia, nikamwambia pale pale, nikipaza sauti juu ya kelele: niliyeacha breki ni mimi, mzee alinificha.

Akanitazama. Akanyoosha mkono, akazima mashine. Mkanda ukazunguka, ukalegea, ukasimama. Watu wote wa foleni wakanigeukia na ndoo zao.

"Sijasikia," alisema. "Sema tena."

Nikasema tena. Safari hii nilieleza yote, la tairi na la breki, na kidogo nilichokipigia hesabu. Bila kelele ya mashine sauti yangu ilikuwa nyembamba sana. Bibi mmoja akasema "Mungu wangu" taratibu.

"Idrisa anajua ni wewe?"

"Tangu siku ile, mama."

"Na wewe umekaa miezi mitatu unaniona napita."

"Ndiyo."

"Mimi mkono wangu utapona," alisema. "Yule mzee wa watu nimemnyima salamu mbele ya watoto wangu. Hilo umenifanyisha wewe, Digrii. Breki ningekusamehe leo hii." Akafungua kitambaa cha unga kichwani, akakikung'uta. "Foleni, mnisamehe, narudi sasa hivi."

Alitembea mbele, mimi nyuma, hatukuongea kuanzia Mtendeni mpaka Ng'ambo. Nilitembea kama niliyekamatwa. Mzee alikuwa bado chini ya gari lile lile, miguu tu inaonekana. Mama Zuhura akasimama karibu na miguu ile. Watu wa vibanda vya jirani wakaacha kazi. Akapiga magoti kwenye kokoto, na mkono wake mbovu, na kwa sauti ya kusikika barabarani akasema:

"Shikamoo, Mzee Idrisa."

Kimya kilikuwa kirefu. Nadhani alikuwa anahakikisha.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, kuna oili hapo utachafua nguo."

Wakaongea mambo yao, ya mkono na ya shule. Mimi hakuna aliyenigeukia. Mama Zuhura aliondoka bila kuniaga, na mbio zake baadaye alikimbia na gari lililotengenezwa gereji ile ile, lakini kwa mwaka mzima hakuniruhusu kugusa gurudumu lake hata moja. Ilikuwa haki yake.

Alipokwisha kuondoka, mkono wa mzee ulitokea chini ya gari, kiganja kikiwa wazi.

"Digrii. Lete namba kumi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye sanduku la spana. Nikamuuliza ni ya kufungua nini, upande gani, na nani atakanyaga. Akanijibu yote matatu.